Siku Mbale Ilipojua Njia Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa mbele ya redio ya gereza moja la Jinja, nimevaa sare mpya iliyonikwaruza shingo, na sikuruhusiwa kugusa kitu. Sajenti wa Mawasiliano, mtu wa kabila la Wateso mwenye sauti ya chini, aliniambia nisikilize tu mpaka jioni. Nikamsikia mwanamke wa Mbale akisoma majina ya wafungwa watakaohamishwa. Alikuwa mbali, ng'ambo ya Iganga na mashamba yote ya mpunga, lakini sauti yake ilikuwa kama imekaa begani mwangu. Mshangao ule haujanitoka hadi leo, nami sasa ni bibi mstaafu.

Vijana wanaosomea mitandao wameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi. Nitaandika kwa Kiswahili nilichokikuta kambini, maana baba yangu alikuwa askari kutoka Lango, kaskazini mwa nchi, na mimi nilikulia kwenye nyumba za kambi. Huko nje watu wengi hawakukipenda Kiswahili, walikisikia kama amri ya bunduki. Kwangu kilikuwa lugha ya kuitwa kula.

Nilikaa magerezani miaka mingi, Jinja kisha Mbale, nikapanda hadi ukoplo. Simu za mkononi zilipoenea, redio zikaanza kukaa na vumbi. Kampuni moja ya intaneti ilikuwa ikitafuta watu waliozoea mitambo na nidhamu ya zamu, nikaacha sare nikajiunga nayo. Walinipeleka kituo cha Bugembe, nje kidogo ya Jinja, chumba kimoja kando ya barabara kuu, chenye betri, feni na ruta mbili. Ruta ni mashine inayopokea data na kuamua iipeleke upande gani. Niliyemkuta hapo, Msimamizi wa Mtandao wa Jinja, hakuwa na maneno mengi. Aliniita Afande, na jina hilo likanifuata mpaka nilipostaafu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ruta huzungumza. Kila moja huwaambia majirani zake: ukitaka kufika anwani fulani, pitia kwangu. Jirani humwambia jirani yake, naye humwambia wa mbele, na habari husafiri hivyo kutoka nchi hadi nchi. Lugha yao inaitwa BGP. Nilimuuliza ni nani mwenye ramani nzima. Akasema hakuna. Nilidhani hakunielewa, nikamuuliza tena, akanijibu vilevile. Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Nilitaka kulifikiria jambo hilo taratibu: kitu kikubwa kuliko serikali yoyote, hakina mkubwa, na kinafanya kazi.

Baadaye nikahamishiwa Mbale, na hapo ndipo yalipotokea ninayotaka kuwaeleza.

Mahakama moja ya huko ilikuwa imeanza kusikiliza kesi kwa video. Hakimu anakaa Mbale, mahabusu anabaki gerezani Jinja, wanaonana kwenye skrini. Kampuni yetu ndiyo iliyounganisha pande hizo mbili, na mimi ndiye niliyesimamia upande wa Mbale. Kwa sababu nililijua gereza lile, nilihakikisha lina njia mbili za kutokea. Ya kwanza ilikuwa faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, hadi kituo cha Bugembe. Ya pili ilikuwa mnara wa redio hadi kituo chetu cha mjini Jinja. Nilimwapia karani wa mahakama kwamba moja ikikatika nyingine itachukua kazi.

Ikakatika. Wachimbaji wa mtaro kule Bugembe waliikata faiba, na skrini ya mahakamani ikaganda mahabusu akiwa amefungua mdomo. Njia ya pili ilishika, lakini baada ya dakika kadhaa, na hakimu alikuwa ameshaahirisha kesi. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mara ya tatu pia, na mara zote tatu aliyekatizwa alikuwa mtu yuleyule, fundi matofali wa mtaa wa Namatala, Mbale, aliyeshtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Kila kuahirishwa kulimrudisha ndani kwa wiki nyingi.

Siku ile ya tatu dada yake alinisubiri mlangoni. Alikuwa mfanyabiashara mdogo wa sokoni, bado amefunga aproni yake. Hakupandisha sauti.

"Nyinyi watu ya waya," aliniambia, "ndugu yangu alikosea nyinyi nini?"

Niliwahi kufunga milango ya gereza kwa mikono yangu, na sikuwahi kujisikia nimemfunga mtu kama nilivyojisikia pale.

Nikaenda kwa Mhandisi wa Kanda wa Mbale, Mwislamu wa mjini, mtaratibu, aliyekuwa na tabia ya kufuta miwani kabla ya kujibu. Nilimwambia njia ya pili ipo, nimeijenga mwenyewe, kwa nini Mbale inakawia kuiona? Alinisogezea kiti akafungua skrini mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya ruta ya Jinja tuliyoiita msemaji. Katika mtandao mkubwa haiwezekani kila ruta izungumze na kila nyingine, kwa hiyo zote humpelekea msemaji njia zao, naye huzitangaza kwa wenzake. Kwenye orodha ya msemaji, anwani ya gereza ilikuwa na njia mbili, moja kupitia Bugembe na moja kupitia mjini. Ile ya Bugembe ilikuwa na alama ya kuonyesha ndiyo bora. Skrini ya pili ilikuwa ya ruta yetu ya Mbale. Pale palikuwa na njia moja tu.

"Anajua mbili, anatuambia moja," nikasema.

"Hiyo ndiyo sheria ya lugha yao," akanijibu. "Anwani moja, njia moja. Akikutajia ya pili, wewe unaifuta ya kwanza. Kwa hiyo anachagua iliyo bora, na ile nyingine anakaa nayo."

Kumbe mara zote tatu jibu lilikuwepo, limekaa Jinja kimya. Bugembe ilipopotea, msemaji alilazimika kwanza kugundua, kisha kuchagua upya katikati ya maelfu ya njia nyingine, na kisha kututangazia. Msemaji alikuwa mashine nzee, na wakati huo wote Mbale ilisimama haijui pa kwenda.

Mhandisi akanieleza kwamba waliotunga lugha hiyo waliona tatizo na wakaongeza kitu kidogo mno: namba. Kila njia hupewa namba yake. Njia ya pili ikija na namba tofauti, haiifuti ya kwanza, zinakaa pamoja. Ila pande zote mbili lazima ziambiane mwanzoni mwa mazungumzo kwamba zinazielewa namba hizo. Nilimuuliza, namba tu? Akasema, namba tu.

Ilibaki kumshawishi Msimamizi wa Jinja, mwenye msemaji. Alikataa kwenye simu. Alisema njia nyingi hujaza kumbukumbu ya ruta, na ruta ya zamani ikijaa huanguka na wateja wote. Alikuwa na haki ya kuogopa. Nilipanda gari nikaenda Jinja kumwona uso kwa uso, na kwa kuwa sikuwa na hoja ya kitaalamu kumzidi, nilimweleza habari ya yule dada na swali lake. Kisha akasema tutatangaza njia mbili, si zaidi, na kwa Mbale peke yake.

Tulifanya Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Mazungumzo ya ruta yalikatwa yakaanzishwa upya. Nilikuwa Mbale natazama orodha ikiwa tupu, halafu mistari ikaanza kujaa. Nilipofika anwani ya gereza nikakuta miwili. Niliigusa skrini kwa kidole kama mtoto.

Kesi ya fundi matofali ilipoitwa tena, niliomba kukaa benchi la nyuma na kompyuta yangu. Dada yake alikuwa mbele. Mahabusu akaanza kueleza alipokuwa siku pikipiki ilipoibwa: alikuwa Nakaloke, nje ya Mbale, akichoma tanuri la matofali, na tanuri likishawashwa haliachwi. Alikuwa akitaja majina ya waliokuwa naye wakati mstari wa Bugembe ulipotoweka kwenye orodha yangu. Faiba ilikuwa imekatwa tena, na kituo kizima cha Bugembe kilikuwa kimetoka mtandaoni.

Nikainua macho kwenye skrini ya ukutani. Mtu yule alikuwa bado anazungumza. Midomo yake ilikwenda na maneno yake. Alitaja jina la tatu, akataja la nne.

Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama. Karani alinionyesha kwa mkono nikae, na hakimu akanitazama juu ya miwani.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna, mheshimiwa."

Nikakaa. Katika chumba kile chote mimi peke yangu nilijua kilichotokea. Mbale iliona yenyewe kwamba Bugembe haifikiki, haikumsubiri msemaji atangaze; njia ya pili ilikuwa mkononi mwake, ikaishika. Mashahidi wa tanuri walikuja kikao kilichofuata, na fundi akaachiwa huru.

Niliendelea na kazi miaka kadhaa baada ya hapo. Msimamizi wa Jinja alibadilisha msemaji wake kwa mashine mpya na akawafungulia wote njia mbili, bila mtu kumsukuma. Mhandisi wa Kanda alistaafu kabla yangu. Sasa nakaa Nakaloke, nalima kidogo. Nikiona watu sokoni wameinamia simu zao, huwaza zile ruta zinavyoambiana wakati huo huo, nipitie mimi, nipitie mimi, na nashindwa kueleza kwa nini machozi yananilengalenga. Ninyi mnaoingia kazini msione aibu jambo hilo likiwashangaza. Aliyelizoea kabisa ndiye anayesahau kuuliza kuna njia ngapi.

Mwaka jana nilihitaji matofali nikaelekezwa kwa fundi mmoja. Nilipofika nikamtambua, ingawa yeye hakunijua. Nilimwambia tu kwamba niliwahi kuwepo mahakamani siku alipojitetea, nikamuuliza kama aliona chochote cha ajabu kwenye skrini siku ile.

Alifikiri, mikono yake imejaa udongo.

"Niliona hakimu ananisikiliza," akasema.