Neno la Kuagana

Mjini Madurai, kusini mwa India, mtu hatoki kwake akasema "naenda." Husema "naenda narudi," hata kama anafuata chumvi dukani. "Nenda" peke yake huambiwa maiti. Vadivu alilijua hilo tangu utotoni, lakini siku ya Pechi ndipo lilipomkaba.

Kazi ya Vadivu hospitalini ni kukaa na jamaa za waliokufa ubongo, na wakati ukifika, kuwaomba viungo kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri.

Pechi alikuwa muuza asumini. Mwanawe, Sudalai, alianguka na pikipiki. Daktari Ilango alimweleza vizuri tu: ubongo umekufa, wamepima wakarudia, kifua kinapandishwa na mashine. Kisha akainuka, na kwa mazoea akasema, "Naenda narudi, mama."

Vadivu alipoingia alimkuta Pechi ametulia, anatunga maua yake. Daktari amefuata dawa, Pechi akamwambia, atarudi sasa hivi.

Vadivu akaelewa: mama amelishika lile "narudi." Akimwomba figo saa hiyo, mama huyu atazeeka akiamini walimchinja mwanawe. Akaketi naye sakafuni.

"Mwembamba hivi, binti, hawakupi wali hapa?"

"Wananipa, mama. Unaishia kwenye kupanda ngazi."

Pechi akacheka kidogo. Vadivu akamshika mkono. "Mama, daktari hakufuata dawa. Ile "narudi" ni mazoea ya mdomo tu, sote tunasema hivyo. Sudalai amekufa. Harudi."

"Mbona ana joto?"

"Joto la mashine, mama. Yeye hayupo."

Hakuomba kitu. Akamwacha alie, akamletea chai, ikapoa. Alasiri Pechi akaenda kitandani, akamwekea mwanawe shada kichwani.

"Nenda, baba," akasema.

Vadivu, nyuma ya pazia, akasikiliza kama kuna neno la pili. Halikuja. Ndipo akamweleza habari za wale wanaosubiri. Pechi aliuliza kama macho yataona kweli, akaambiwa yataona.

"Basi wape. Huyu hakuwahi kumnyima mtu."

Masanduku ya viungo yalipopakiwa kwenye gari la wagonjwa, Pechi alishika mlango, akayaambia, "Nendeni mrudi." Dereva akamtazama Vadivu amsahihishe mama. Vadivu hakumsahihisha.

Mpaka leo Pechi hupita getini na kikapu chake, humtilia Vadivu asumini nyweleni, na kumsema kwa wembamba wake. Daktari Ilango naye, akitoka kwa wafiwa, husema tu, "Nipo hapo nje, mama."