Mrithi wa Safari, Mbeba Mizigo

Arobaini ya Safari ilipofika, wanaume wa Kariakoo waliomcheka maisha yake yote walijaa ukumbini kwake, wakamsifu kwa midomo iliyojaa pilau. Zena, mjane wake, alikuwa edani chumbani, pazia tu likimtenga nao, akiisikia kila sifa.

Kinara wao alikuwa Mwinyimvua, kaka wa marehemu, bwana mkubwa wa kanzu ya darizi. Eti ndugu yake alikuwa askari shujaa, aliangusha Wajerumani wasio na idadi. Askari gani! Safari hakushika bunduki hata siku moja. Waingereza walimkamata akitoka shamba, wakamtwika maboksi ya risasi mpaka Mahenge, akarudi na makovu mabegani na kikohozi kilichokuja kumuua. Nishani hakupewa. Alipewa blanketi, nalo lilikuwa na matobo.

"Na familia yake aliipenda, jamani!" Mwinyimvua aliendelea.

Zena akaguna. Si huyu huyu aliyekuwa akipita barazani akiuliza kwa sauti mume wa nyumba hii ni nani, kwa kuwa tu Safari alichota maji na kukoroga uji mwaka ule yeye Zena alipougua? Na yeye Mwinyimvua, majina ya wanawe mwenyewe yalikuwa yakimchanganya, mpumbavu yule.

"Basi mrithi ni mimi, nafasi yake naishika," Mwinyimvua akamalizia. "Huyu Kuruthumu naondoka naye leo, akamsaidie mke wangu kazi."

Kuruthumu alikuwa na miaka saba, na Zena hakuwa na mtoto mwingine. Lakini mjane aliye edani angembishia vipi shemeji yake mbele ya wazee wa ukoo?

Hapo akaingia Tatu. Alikuwa Mnyamwezi, mtani wa Wazaramo, na matangani mtani hazuiliwi wala hakasirikiwi. Alijifunga kanga kiunoni kama Safari alivyokuwa akijifunga jikoni, akakohoa kama yeye, watu wakaangua kicheko. Zena naye alicheka, machozi yakimtoka.

"Mrithi yuko wapi?" Tatu akauliza. "Nafasi ya maiti wangu hairithiwi kwa mdomo, we Mzaramo. Njoo!"

Akavua ile kanga, akamfunga Mwinyimvua juu ya kanzu, akamkalisha kwenye kigoda. Akamweka Kuruthumu mbele yake, akampa kitana.

"Marehemu alimsuka mwanawe kila Ijumaa. Haya, suka tukuone."

Mwinyimvua alikishika kitana kama ameshika nge. Akavuta, mtoto akapiga ukelele. Akavuta tena, ukelele ukazidi.

"Hii kazi ya wanawake!"

"Ndiyo nafasi yenyewe hiyo uliyoitaka."

Mwinyimvua akatupa kitana, akamsukuma Tatu nusura amwangushe. Kumsukuma mtani, tena matangani! Mzee mkubwa wa ukoo akaweka chini kikombe chake.

"Mwinyimvua, umetuaibisha. Vua kanga ya watu uende zako. Mtoto atabaki kwa mama yake."

Bwana mkubwa wa kanzu ya darizi akahangaika na fundo la kanga, likamshinda. Ndipo Zena alipotoa sauti nyuma ya pazia, kwa heshima zote.

"Usiivue kwanza, shemeji. Sahani bado hazijaoshwa, na mwenzio alikuwa akiziosha."