Viazi Kumi na Viwili

Baba hakuwa mtu wa hadithi. Jioni, mama akimenya viazi, watoto wengine wa Giakanja walisimuliwa habari za fisi. Sisi tuliulizwa hesabu. Ng'ombe wawili wako mbele ya mmoja, wawili wako nyuma ya mmoja, na mmoja yuko katikati: ni wangapi? Kaka zangu watatu walipiga kelele "watano!" kabla hajamaliza. Ni watatu, wamejipanga mstari. Mimi kitindamimba niliwaacha wakosee kwanza, ndipo nikajibu. Sikuwa mtoto mpole.

Jioni moja, miaka michache baada ya uhuru, alichukua viazi kumi na viwili kwenye sufuria ya mama akavipanga sakafuni. Vinne vikafanya mraba, vinne mraba mwingine ubavuni mwake, na vinne vya mwisho mraba upande wa juu wa ule wa kwanza. Umbo hilo tulilitambua mara moja. Lilikuwa shamba letu, lenye pembe moja iliyomegwa kwa sababu pale palikuwa kwa jirani.

"Gawanyeni. Kila kipande kilingane na kingine, ukubwa na umbo."

Kaka mkubwa hakufikiri hata kidogo. "Hiyo ni rahisi. Kila mtu mraba yake."

"Sijasema vipande vitatu. Ni vinne."

"Ati vinne? Na sisi tuko watatu?"

Kaka zangu wakasogeza viazi huku na huku mpaka mama akalalamika kwamba chakula kinachelewa. Mimi nikatoa katika kila mraba kiazi kilichokuwa karibu zaidi na mahali miraba yote mitatu ilipokutana. Hivyo vitatu vikafanya shamba dogo lenye umbo la lile kubwa, na kila mraba ukabaki na vitatu, umbo lile lile.

"Vizuri, mama," baba akasema. Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Tukala, na mimi nikaringa wiki nzima.

Nilikuwa mwalimu huko Sagana, sijaolewa, baba alipoanza kuugua akatuita tuonyeshwe mipaka. Binti hakugawiwa shamba siku hizo. Nilijua naitiwa kupika chai, na nilikwenda nimenuna njia nzima.

Nilimkuta kaka mkubwa amekwisha kupigilia vigingi na kufunga kamba: miraba mitatu. Baba akaegemea fimbo yake, akatazama.

"Umekosea tena."

"Baba, ile ilikuwa mchezo ya watoto."

"Mimi sijawahi kucheza na shamba." Akaninyooshea kidole. "Huyu ni mama yangu. Nimuweke wapi?"

Vigingi vikang'olewa, nikapewa kamba niongoze kupima, na jua lilipoanza kushuka kipande changu kilikuwa katikati, kama vile viazi, kimezungukwa na vya kaka zangu na ua wa kayaba wa jirani. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niifiche vipi. Ndipo mama, aliyekuwa amebeba karai la miche ya itoka ya kupanda mipakani, akauliza:

"Na huyu atapitia wapi?"

Baba akatazama huku na huku. Miaka yote hiyo hakuwa amefikiria njia, wala mimi. Viazi haviendi kuchota maji.

Kipande cha kaka mkubwa ndicho kilichopakana na barabara. Alikuwa hajanisemesha tangu asubuhi. Akampokea mama lile karai, akaanza kupanda itoka ndani ya upande wake, akiacha nafasi ya mkokoteni kutoka kwangu mpaka barabarani. Kipande chake kikawa kidogo kuliko vyote.

"Sasa hesabu yenu imeharibika," akasema bila kunitazama.

"Wacha iharibike," baba akasema.

Nililia pale pale, mbele yao wote, kamba ikiwa bado mkononi.