Kifua cha Shangazi Nyota

Siku ya Jumanne, saa nane ya mchana, nikiwa nageuza mihogo juani, maji yalinitiririka miguuni. Mimba ilikuwa ya miezi saba tu. Niliona haya kuita mtu.

Mbele ya vita nilikuwa mwanafunzi kule Baraka, wa kuandika kuliko kusema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu alivuka ziwa kutafuta kazi, akanyamaza. Risasi zilipoanza, nilikimbilia Nundu kwa Shangazi Nyota, dada ya marehemu baba. Huko nikapimwa, nikaambiwa nina virusi vya ukimwi. Nilimwambia Shangazi mwenyewe. Hakunifukuza. Lakini tangu siku ile bugali yangu ilipakuliwa kwenye sahani ya bati, peke yake. Wengine walikula pamoja. Mimi nilikaa karibu na mlango, nikisikia wanavyocheka.

Muforomo, yaani muuguzi wa hospitali, mama mmoja wa mizaha, alinieleza polepole. Mwilini mna chembe za kutulinda, kama askari. Virusi vinawaua, na wanaobaki wanafanya fujo. Hapo mtoto anaweza kutoka mbele ya wakati. Dawa zinawatuliza. Nilizimeza, mpaka barabara ikafungwa kwa mapigano na dawa zikaisha. Nilikonda. Mdomo ulijaa vidonda, kuhara kukanimaliza.

Jumanne ile nilibebwa hadi hospitali, nikazaa kabla jua halijazama. Msichana, mwepesi kama kifaranga, ngozi nyekundu, kilio cha paka. Walimdondoshea mdomoni dawa ya kumkinga na virusi. Mashine ya joto haikuwepo, kwa hiyo nikafungiwa mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, asipoe. Kisha homa ikanishika. Damu ilinuka, meno yaligongana, na mtoto akatetemeka pamoja nami. Sikuweza kumshikilia tena, na midomo yake ikawa ya bluu.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na ile sahani yangu.

“Mama, fungua blauzi,” muforomo akamwambia.

“Mi? Niko muzee, kifua imekauka.”

“Maziwa hatutafute. Tunatafuta joto. Ao unaogopa kakitoto haka?”

Shangazi aliniangalia. Akauliza kwa sauti ndogo kama ataambukizwa.

“Kwa ngozi, hapana. Kwa sahani pia, hapana.”

Aliweka sahani chini. Alifungua blauzi, wakamfungia mtoto kwa kitenge. Tulingoja. Midomo ya mtoto ikarudia rangi yake.

“Iko na pua ya kaka yangu,” Shangazi akasema, akaanza kulia.

Nilichomwa sindano, homa ikashuka. Dawa zangu zilifika kwa mtumbwi wa injini. Baadaye mtoto alipimwa, akakutwa hana virusi. Namshukuru Mungu, na muforomo yule, na kile kifua kilichokauka. Wewe dada unayejificha kama nilivyojificha, nenda upimwe mapema, meza dawa, na ukiona zinaisha usione haya kusema. Mimi niliona haya, nikakaribia kumpoteza mtoto.

Jioni tuliyorudi nyumbani kutoka hospitali, Shangazi aliweka bugali na visamaki vya ndagala mkekani. Nilikwenda mlangoni kama kawaida.

“Unangoja nini kule?” akauliza, mtoto yuko kifuani mwake. “Inapoa.”

Nikasogea, nikanawa, nikamega.

Kesho yake asubuhi niliichukua ile sahani ya bati, nikaitia maji, nikawawekea kuku uani.