Konokono Aliyekuja na Kuni

Jana nilinunua mtita wa kuni pale sokoni Mwanakwerekwe, maana biriani ya shughuli ikipikwa kwa gesi mimi siiamini. Kwenye gome la ukuni mmoja nikamkuta konokono amejibandika, mweupe, wa aina ile niliyoijua utotoni. Muuza kuni akanicheka.

"Mtupe huyo, dada, keshakufa."

Sikumtupa. Nilimtia kikapuni, na usiku nikamkumbuka bibi yangu.

Kwetu ni kusini mwa Unguja, karibu na Kizimkazi. Bibi akinichukua msituni kuokota kuni, tukifungasha muhogo wa kuchoma na chumvi kidogo. Nakwambia, ule muhogo na ile harufu ya majani yaliyolowa mvua sijavipata tena popote. Bibi hakufunga mtita mpaka akague kila ukuni. Akimwona konokono, humbandua taratibu akamweka kwenye mti mbichi. "Mshushe kwanza mwenye nyumba," husema, nami nikinuna kwa kucheleweshwa.

Lakini mnyama aliyekuwa na sifa msituni mle ni paa nunga, yule swala mdogo. Jirani yetu alimwinda kwa mbwa na nyavu, na siku akimpata, mtaa mzima tulinusa mchuzi. Paa walipoadimika kikaitishwa kikao, uwindaji ukakatazwa, na jirani akatundika nyavu zake ukutani huku akinung'unika. Mimi nilifurahi, nilimpenda sana paa kwa yale macho yake.

Konokono hakuitishiwa kikao. Na ukiniuliza mimi, yeye ndiye aliyekuwa taabani zaidi. Paa akisikia shoka hukimbia. Konokono huanguka na mti wake, akafungwa kamba, akapakiwa garini, akauzwa.

Basi leo asubuhi nikapanda gari kumrudisha kule kusini, kwa mjomba wangu anayeishi bado kwetu. Mjomba aliitikia shikamoo yangu, akatazama kiganja changu, akacheka mpaka akakohoa.

"Umelipa nauli kumleta konokono? Mwanangu, msitu wenyewe ushakwisha."

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Pale tulipookota kuni na bibi sasa ni kuta za nyumba za wageni, zimepakwa chokaa, zinameta. Niliumia, sikufichi. Nikamdondoshea konokono maji, angalau nijue kama mzima.

Akatoka. Polepole akanyoosha pembe zake, akapapasa huku na huku akitafuta gome. Mjomba akaacha kucheka. Nikasimama naye kiganjani, nikitafuta mti wa kumshushia.