Siku Niliyomfungia Pazia Mzee Shomari

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mwanangu, theluji ikianza kuyeyuka na kuchafuka kando ya barabara, siku niliyomfungia pazia usoni mzee aliyekuwa hajamaliza kazi yake. Nitakusimulia ilivyokuwa, wala sitajipamba.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwanafunzi Minneapolis, nimetoka Morogoro na sanduku moja la nguo na kiburi kisichoenea sandukuni. Wenzangu wa Afrika Mashariki walinichagua katibu, na kila mwaka tulikuwa na mchana wa maonyesho katika ukumbi wa chuo. Watu walikuja kutoka miji ya jirani, Crystal, Bloomington, hata Anoka: wauguzi, wafanyakazi wa hoteli, wanafunzi, na watoto ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza.

Mzee Shomari alikuwa ametimiza miaka sitini, akiosha vyombo katika jiko la hoteli moja Bloomington. Zamani, huko Tanzania, alikuwa mchekeshaji wa kikundi cha utamaduni, vile vikundi ambavyo kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma, sarakasi, kwaya, kichekesho, na dansi la kumalizia. Alikuja kuniomba robo saa. Kumkatalia mzee wa nyumbani ni kazi, kwa hiyo nilimkubalia, lakini nikamweka wa kwanza kabisa, nikitumaini kwamba wageni wangu watakuwa hawajafika. Mgeni hasa alikuwa mmoja: profesa wangu wa fasihi, mama wa Kimarekani mwenye mvi. Nilitaka asikie mashairi na ngonjera, aondoke akisema hawa ni watu wa fikra.

Profesa alifika kabla ya saa. Wenzetu na saa zao, mwanangu, unawajua.

Mzee Shomari hakutamka neno hata moja. Aliingia na shati jepesi, akatetemeka, akavaa koti. Akatetemeka tena, akavaa la pili, la tatu, skafu, kofia mbili, mpaka mikono ikakataa kushuka. Halafu mgongo ukamwasha. Akajisugua kwenye kiti, kwenye nguzo, kwenye ukuta, wapi! Akavua yote, akajikuna kwa raha, na baridi ikaanza upya. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nani kati yetu hakuupitia mwaka wake wa kwanza wa theluji?

Mimi nilisimama nyuma ya pazia nikisikia kicheko kile kama matusi. Nilimwona profesa naye anacheka, nikadhani anatucheka sisi. Mzee alipojitupa sakafuni na kugaragara kama punda, nikavuta kamba. Pazia likafunga, yeye angali chini, mguu mmoja juu.

Alinitazama. "Muda umekwisha?"

"Umekwisha, mzee."

Alikuwa ametumia dakika saba. Akaniambia ahsante, akaokota makoti yake moja moja. Jioni, watu walipotawanyika, alibaki kutusaidia kupanga viti.

Mlangoni nilikutana na Kerubo, muuguzi Mkenya wa kule Crystal, amemshika mkono mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa ameletwa kutoka Kisii mwezi wa Desemba, na tangu hapo alishinda dirishani. Wajukuu wanajua Kiingereza, yeye anajua Kikisii, basi nyumba nzima walikuwa wanatazamana tu. Kerubo aliongea polepole.

"Leo ndiyo mara ya kwanza mamangu na watoto wangu wamecheka kitu kimoja. Halafu wewe ukafunga."

Hapo ungetegemea nitubu. Sikutubu. Jumatatu profesa aliniuliza kwa nini onyesho lilikatizwa, nami nikamjibu kwamba mzee alishikwa na ugonjwa ghafla. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu haikumaliza wiki mbili. Jumatano alinipa bahasha, akaniomba nimfikishie mgonjwa.

Nilitembea nayo mkobani siku tisa. Siku ya kumi nikapanda basi hadi Bloomington, nikamkuta Mzee Shomari amepumzika kwenye mlango wa nyuma wa hoteli, aproni imelowa. Nikampa bahasha, akatoa kadi iliyokuwamo. Macho yake hayakuzoea maandishi ya Kiingereza. Akanirudishia kadi, akaniomba nimsomee.

Basi nikasoma, nikitafsiri kwa mdomo wangu mwenyewe. Profesa alimpa pole kwa kuugua katikati ya kazi. Alisema utotoni baba yake alimpeleka kutazama vichekesho vya namna ile ile, visivyo na maneno, na hakujua kama na kwetu vipo. Alimwombea apone upesi, kwa kuwa alitamani kuuona mwisho wa kichekesho kile.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa naumwa nini, binti yangu?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Hukuumwa, mzee. Nilikuonea aibu."

Alifuta mikono kwenye aproni, muda mrefu, kana kwamba bado ina maji.

"Mimi kuonekana mjinga ndiyo kazi yangu," akasema. "Mtu akishamcheka mjinga wa jukwaani, anarudi nyumbani amejisamehe ujinga wake. Lakini yule mjinga namchagua mimi. Siku ile ulinifanya mjinga bila kuniuliza."

Nilimwomba radhi, akanipa. Nilimsihi arudi ukumbini mwaka unaofuata, akakataa kwa upole. Alichokubali ni kwenda kwa Kerubo Jumapili moja. Pale sebuleni alicheza kichekesho chote, na bibi alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso, wajukuu wamemlalia mapajani. Mimi nilikaa nyuma, nikicheka na kulia. Kwa profesa nilikwenda nikasema kweli. Hakunigombeza. Kabla ya majani kupukutika Mzee Shomari alirudi nyumbani Tanzania moja kwa moja, na profesa hakuuona mwisho ule. Majuto ni mjukuu, na wangu huyu amekua nami, hanitoki.

Sasa sikia, mwanangu, wewe ambaye leo unapanga sherehe za watu wetu. Shairi zuri huhitaji mkalimani, lakini mtu anayewashwa asipofika, huyo anaeleweka kwa mtoto na kwa kikongwe, kwa mwenye shahada na kwa asiyejua kusoma. Ndiyo maana kichekesho hakizeeki. Usivipime vya kwenu kwa jicho la mgeni, tena jicho ambalo umemsingizia tu. Na ukimkosea mkubwa wako, nenda siku ile ile. Usingoje mpaka utumwe.

Mungu akujalie kicheko kisichomwacha mtu na jeraha, akuoneshe thamani ya wazee wako wangali hai, na siku utakapoteleza akupe ulimi mwepesi wa kusema nimekosa. Amina.