Nirushie Mshipi Wako

Samaki wangu wa kwanza nilifundishwa kumvua na nyumba iliyofungwa kufuli.

Sijakosea kuandika. Nyumba.

Ilisema nami kwa Kiswahili safi, ufukweni Ghubra, ng'ambo kwa Waarabu, mwaka 1967, asubuhi, jua limeshatoka. Sikuwa na homa wala sikuwa usingizini.

Mkitaka kunicheka nichekeni, lakini someni kwanza mpaka chini.

Ghubra ya wakati ule msiifananishe na hii ya maduka na skuli. Ilikuwa mitende, vibanda vya makuti, nyumba chache za udongo, na ufuko mrefu uliotandazwa dagaa wa kuanika. Harufu yao ilikufuata mpaka kwenye mto wa kulalia.

Mimi naitwa Mahbuba. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilisomea ualimu Unguja, nikafundisha muhula mmoja tu, kisha yakatokea ya mwaka 1964, tukaondoka.

Ghubra hakukuwa na wasichana wa kufundisha darasani. Cheti changu kililala chini ya godoro.

Nilikaa kwa shangazi yangu, Bi Sayyida, na mwanawe Mahfoudh, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Matrah. Nilikula chakula chao na kila tonge nililionea haya. Ndivyo nilivyoumbwa. Hata chumvi naomba kwa macho.

Siku moja Mahfoudh akarudi na mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kibao, ndoana tatu, na chubwi za risasi za kuuzamisha.

"Mwalimu, shika. Watoto wa kusomesha hukupata, basi kasomeshe samaki."

"Muache mwenzio!" Shangazi akamkemea.

"Nnamtania tu, mama. Si bora kuliko kukaa akihesabu boriti?"

Alinitania, mimi nikaenda kweli. Nilitaka siku moja tu niweke sahanini kitu kilichotoka mkononi mwangu.

Siku ya kwanza nilivua buibui langu mwenyewe. Ndoana ilinasa begani, nikarudi nyumbani nikitembea upande.

Siku ya pili, ya tatu, ya nne: chambo kinaliwa, ndoana inarudi tupu inang'aa.

Nilikuwa nikisimama mbele ya nyumba ya Marhoon, mfanyabiashara wa tende. Nyumba kubwa ya udongo, peke yake, mbali na wengine. Nilipachagua kwa sababu hapakuwa na wa kunitazama.

Siku ya tano mshipi ukashtuka. Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

"Usivute!"

Sauti ya mwanamke. Nyuma yangu, juu.

"Anaonja huyo, hajala! Tia chambo kingine."

Nikageuka. Nyumba tu. Chini ya dari palikuwa na kidirisha cha kupitisha hewa, cheusi, hakionyeshi kitu.

"Mbona unanitazama mimi? Samaki yuko huko."

Nikatii. Nilishazoea kutii.

"Huyo dagaa mfunge kwa uzi, la sivyo mawimbi yatamvua kabla yako. Haya. Usitupe mbali. Tupa pale maji yanapogeuka rangi. Mshipi uweke kwenye kidole, si kwenye kiganja. Kiganja hakisikii."

Nikaweka kwenye kidole.

"Sasa ngoja. Ngoja. Huyo anadonoa, muache. Muache aende nao... Mvute!"

Kolekole. Urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Alirukaruka mchangani na mimi nikarukaruka naye.

"We mwana!" sauti ikaita.

"Abee!" nikaitika, kama nilivyolelewa.

"Hebu rudia."

"Abee?"

"Lo," ikasema polepole. "Mimi ndiye wa kuitika siku zote. Sijaitikiwa miaka mingi."

Sikulielewa neno lile. Nilidhani ni mke wa Marhoon, mwanamke wa kukaa ndani, na mimi nani nimuulize jina lake?

Kwa wiki mbili nilisomeshwa hivyo. Sijamuona uso hata siku moja. Akiniona nakosea anatoa mguno tu, nami najua nimekosea wapi.

Nyumbani nikawa mtu. Shangazi anapaa samaki wangu na kuwasifu mmoja mmoja.

"Nani anakufunza, mwanangu?"

"Bibi mmoja, kwenye nyumba ya Marhoon. Anasema Kiswahili."

Siku hiyo alikuwepo jirani yetu Bi Shaikha, mwenyeji wa pale pale, anatusaidia kuchambua mchele. Akasema kwa Kiarabu:

"Nyumba ya Marhoon? Hakuna mtu."

"Nimezungumza naye leo asubuhi."

"Hakuna mtu, binti yangu. Wote wako Matrah, wanamuoza binti yao. Mwezi wa pili huu. Kufuli liko nje, nenda katazame."

Kisu kikasimama mkononi mwa Shangazi.

"Umemwitikia?"

"Nimemwitikia."

"Umemwambiaje?"

"Abee."

"Yarabi, mtoto huyu! Jini anaitikiwa abee?"

Alfajiri ya pili nilikwenda kutazama mlango wake, ambao sikuwahi kuusogelea. Nilijiambia natazama tu.

Mchanga ulikuwa umejaa kizingitini mpaka nusu ya mlango. Hapana unyayo hata mmoja. Kufuli kubwa, limeshika kutu, linaning'inia kwa nje.

Ndipo sauti ikatoka juu ya kichwa changu. Siku ile ilikuwa imekauka, kama inapita kwenye makuti.

"Mwana. Nirushie mshipi wako."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Huo mshipi. Nnautaka. Tafadhali."

Nilikimbia. Kikapu nilikiacha, kiatu kimoja nilikiacha. Mshipi tu ndio nilifika nao, umenikata vidole kwa kuubana.

"Amesema anataka nini?" Shangazi akanishika mabega.

"Mshipi wangu."

"Mshipi au mshipa? Kumbuka vizuri!"

"Mshipi... sijui, Shangazi."

"Mshipa huo! Wanapenda mshipa wa shingo, hawa!"

Mahfoudh akacheka mpaka akapaliwa chai. "Mama, kwa hiyo wiki mbili jini alikuwa akimpa darasa la kolekole?"

"Nyamaza! Wewe ndiye uliyeleta balaa hili nyumbani."

Nikafukizwa ubani siku tatu. Nikasomewa, nikanyunyiziwa, nikakatazwa hata kuchungulia upande wa bahari.

Lakini sauti ile ilikuja nami nyumbani. Nilipofunua mtungi kuchota maji, nikaisikia. Nilipokuwa nakoroga uji, nikaisikia. Tafadhali.

Unajua kilichonitesa? Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayeona haya kuomba.

Sauti hiyo naijua. Ndiyo yangu.

Siku ya tatu, Ijumaa, watu wameshatoka msikitini, Bi Shaikha akaja na habari za wezi. Wameingia nyumba mbili upande wa mitende, wamebeba mpaka masufuria.

"Kwa Marhoon tu ndiko hawatoingia," akasema. "Bakhita yumo ndani."

Nilikuwa namimina kahawa. Ikamwagika.

"Nani?"

"Bakhita. Wamemfungia ndani ailinde nyumba."

"Bi Shaikha, si ulisema hakuna mtu?"

Akanitazama. Wallahi hakuelewa nauliza nini.

"Hakuna mtu. Bakhita ni khadima."

Mtumwa, yaani. Ndiyo, wakati ule walikuwapo. Alilisema bila ubaya wowote, kama anavyokwambia mtu kuwa mkeka si kitanda.

Nikasimama.

"Mahbuba! Unakwenda wapi?" Shangazi akaita.

Nilichukua mshipi, kwa kuwa ndio alioniomba. Nikamwambia Mahfoudh: "Chukua mtaimbo."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuamrisha mtu. Akaniangalia usoni, na siku hiyo hakuwa na mzaha. Akauchukua.

Mchanga ulikuwa moto. Nilipofika chini ya kidirisha nikaita.

"Bi Bakhita!"

Nikaita tena.

"Bi Bakhita, ni mimi! Nimeuleta!"

Kimya kile nakisikia mpaka leo.

Mahfoudh alipiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufuli likaanguka.

Uwani palikuwa na kisima. Kando yake amelala kikongwe mwembamba, shavu lake juu ya jiwe. Mkononi ameshika kamba aliyoitengeneza kwa nguo yake, ameichana vipande vipande na kuviunganisha kwa mafundo. Mwisho wa kamba amefunga msumari uliopindwa.

Ndoana.

Alifumbua macho.

"Ndoo," akasema. "Imetumbukia."

Basi nikafahamu. Kamba ya kisima ilikatika, ndoo ikazama, na mzee yule yuko peke yake na kufuli liko nje. Tende alikuwa nazo, papa mkavu alikuwa naye. Maji anayaona pale chini, yanang'aa. Akaomba mshipi wenye ndoana na chubwi, avue ndoo yake.

Mimi nikaenda kufukizwa ubani.

Kamba yake ya nguo ilikuwa imepungua kiasi cha mkono mmoja tu.

Mahfoudh alitaka kukimbilia maji nyumbani. Nikamwambia kimbia. Mimi nikapiga magoti nikateremsha mshipi, nimeweka ndoana zote tatu na chubwi mbili. Machozi yalinizuia kuona, ikawa nasikiliza kwa kidole. Chuma kikagusa chuma. Nikavuta, ikachopoka.

"Usivute," akanong'ona. "Bado hajashika."

Nikangoja. Nikasogeza kidogo. Ikagusa, ikateleza, ikanasa kwenye mkono wa ndoo.

"Sasa."

Nikajifunga leso viganjani nikavuta. Sijawahi kuvua kitu kizito kama kile, wala sikuvua tena.

Nilimpa maji kwa kiganja, kidogo kidogo. Alipopata sauti akasema:

"Siku mbili hizi niliita kwa Kiarabu. Watu wamepita."

"Hawakukusikia?"

"Wamesikia. Sauti yangu wanaijua. Ndiyo maana hawakusimama."

Tulimbeba kwetu. Shangazi alimuosha miguu kwa mikono yake mwenyewe, na siku ile hakutaja jini.

Marhoon alirudi baada ya siku kumi na mbili. Alisimama mlangoni kwetu, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Nani kavunja kufuli langu?"

"Mimi," Mahfoudh akasema.

"Na huyu?"

Shangazi akajisimamisha kwenye mlango, yeye mfupi, na mlango ule mpana. "Huyu mgeni wangu. Akitaka kwenda ataniaga mwenyewe."

Marhoon akachungulia, akamuona Bi Bakhita amekaa mkekani. Akapunga mkono.

"Kaeni naye. Ameshazeeka. Kufuli tu ndilo lililoniuma."

Hivyo ndivyo alivyopata uhuru wake. Kwa kupungiwa mkono tu.

Alikaa nasi miaka mitatu mpaka alipofariki. Kila asubuhi tulikwenda ufukweni, sasa yeye amekaa kando yangu na mimi namuona uso. Alizaliwa Kilwa, baba yake mvuvi. Alichukuliwa akiwa mdogo, hakuambiwa anakwenda wapi. Kiswahili alikuwa akikisema peke yake, usiku, ili kisimtoke.

Mngedhani kisa kimekwisha hapo. Hata mimi nilidhani.

Asubuhi moja tumetupa mishipi, samaki hawadonoi, akaniuliza hivi hivi tu:

"Kwenu Unguja, nani alikuwa akipika?"

"Bi Muhsina," nikasema. "Tangu sijazaliwa. Yeye ndiye aliyenisuka nywele mpaka nakwenda chuo."

"Mlipoondoka mlimuacha na nani?"

Nikaona ile siku. Gari la mizigo limesimama nje, baba ana haraka, kufuli liko mkononi mwake. Dereva akaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa wa mwisho kutoka: "Ndani kumebaki mtu?"

Na mimi nikamjibu: "Hakuna mtu."

Bi Muhsina alikuwa juu darini, anaanika nguo zetu.

Sikusema uongo. Hilo ndilo linalonitisha. Niliamini nnachosema.

Baba akafunga mlango.

Miaka yote hiyo sikuwahi hata kukumbuka. Nikamsimulia Bi Bakhita yote. Hakunilaumu. Akageukia bahari na kusogeza mshipi wake kidogo kwa kidole.

Nimeandika barua nne Unguja. Hazikujibiwa. Watu wa kwetu hunituliza: alitoka bila shaka, mji umejaa watu, mtu akipiga kelele darini si atasikika?

Bi Bakhita naye alisikika.

Sasa niwaambie nyinyi mnaosoma humu, wengi wenu mna wasichana wa kazi majumbani, wapishi, walinzi, madereva. Leo au kesho mtu atabisha hodi, au atapiga simu, akuulize nani yuko nyumbani.

Kabla hujasema hakuna mtu, pitisha macho jikoni, uwani, darini. Kisha umtaje jina lake.

Kama hulijui, nenda kamuulize sasa hivi. Mimi nitangoja.